Usalama Unaanza Kabla ya Jembe la Kwanza

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kila siku tunakuambia: vaa kofia yako, funga viatu vyako, usipite chini ya mzigo unaoning'inia. Maneno hayo ni ya kweli, na tutayasema tena. Lakini leo tunataka kukuambia juu ya usalama mwingine, ule unaoanza wakati ambapo hapana mashine hata moja iliyofika, hapana mti hata mmoja uliokatwa. Ni ruhusa ya mazingira. Kompani inapashwa kuipata kwa serikali mbele ya kufungua shimo jipya, mbele ya kujenga kiwanda ao kutengeneza bwawa la mabaki.

Labda utasema: «Maneno hayo ni ya wakubwa wa ofisi. Mimi kazi yangu ni kutoboa mawe.» Usiseme hivyo, ndugu. Soma kwanza mpaka mwisho. Utaona kwamba karatasi hiyo inagusa mapafu yako, maji ya bibi yako, na shule ya watoto wako. Inagusa hata mshahara wako.

Mfano wa lupango

Tuseme umepata lupango lako, na unataka kujenga. Utahitaji nyumba, kisima, choo na jiko. Mtu asiye na akili anaanza kuchimba siku ileile, pale anaposimama. Mwenye akili anatembea kwanza. Anatazama mteremko: maji ya mvua yanatoka wapi, na yanakwenda wapi? Anauliza jirani kisima chake kiko upande gani. Anasikia upepo, ili moshi wa jiko usiingie chumba cha watoto. Kisha anakata vijiti, anavichomeka: hapa nyumba, hapa kisima, pale chini choo.

Kijiti unaweza kuking'oa na kukisogeza hatua kumi bila kulipa hata franka moja. Lakini ukisha kuchimba choo, ukamwaga simenti na kuezeka mabati, kisha bibi yako anakuambia: «Baba, choo kiko juu ya kisima», utafanya nini? Kubomoa ni hasara. Kuacha ni ugonjwa. Watu wengi wanaacha, na wakati wa mvua watoto wanaanza kuharisha.

Basi, ruhusa ya mazingira ikitafutwa mapema, ni kazi ya vijiti. Ikitafutwa nyuma, ni kazi ya choo kilichokwisha kujengwa. Hilo ndilo neno moja tunalotaka ushike leo.

Sheria inasema nini

Katika inchi yetu neno hili si desturi tu, ni sheria. Sheria ya migodi ya tarehe 11 Julai 2002 iliwalazimisha wenye migodi kufanya uchunguzi wa mazingira. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 ikasema kwamba kila kazi ya maendeleo inayoweza kuharibu mazingira, ikiwa ya migodi, ya viwanda, ya mashamba ao nyingine, inapashwa kufanyiwa uchunguzi mbele ya kuanza, na uchunguzi huo uwe na mpango wake wa ulinzi. Inataka pia wakaaji waulizwe mbele. Mwaka 2014 serikali ikaunda shirika la kupima kazi hizo, linaloitwa kwa kifupi ACE. Na tarehe 9 Machi 2018 sheria ya migodi ikatengenezwa upya, ikawa kali zaidi.

Katika ofisi utasikia herufi mbili: EIES na PGES. Usiziogope. EIES ni uchunguzi: wajuzi wanaandika namna inchi ilivyo leo, na namna kazi mpya itakavyoibadilisha, ikiwa hewa, maji, udongo ao maisha ya watu. PGES ni mpango: kompani inaandika itafanya nini ili kuzuia ubaya, nani atafanya, wakati gani, na kwa feza gani. Kompani inapashwa pia kuweka dhamana ya feza ya kutengeneza inchi wakati mgodi utakapofungwa.

Tena kuna mapatano ya maandishi kati ya kompani na wakaaji wa karibu, yanayoitwa cahier des charges. Ndani yake mnasoma ahadi: kisima, shule, nyumba ya waganga, barabara. Na sheria ya 2018 inasema kwamba mwenye mgodi analipa ubaya unaotokana na kazi yake hata kama hakuna anayeonyesha kosa lake. Kwa hiyo kompani yenye akili inatafuta kuzuia, kwa sababu kuponya ni bei kali zaidi.

Upepo wa Lubumbashi

Tuangalie sasa mfano wa kwetu. Tanuru la shaba la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mwaka 1911. Wakati ule hakuna mtu aliyeambiwa kuchunguza upepo mbele ya kujenga. Lakini upepo wa Lubumbashi una desturi yake: mara nyingi unatoka kusini-mashariki, unakwenda kaskazini-magharibi. Kwa miaka mingi moshi wa tanuru, wenye salfa na vumbi la shaba, ulifuata njia hiyo moja. Miti ikafa. Udongo ukajaa shaba na vyuma vingine, na mahali pengine hata majani hayakuota vizuri. Wajuzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo huo na kuchora eneo lake: linapanuka kadiri linavyokwenda mbali na tanuru, kama moshi wenyewe unavyopanuka. Mtaa wa Penga Penga uko ndani ya njia hiyo. Watu wanaishi pale, wanapanda lengalenga na matembele katika udongo ule. Wajuzi wamejaribu kupanda majani yanayovumilia shaba ili kufunika udongo, vumbi lisipeperuke. Ni kazi njema, lakini ni kazi ndefu.

Fikiri kidogo. Kujua upepo unakotoka, unahitaji kitambaa juu ya mti mrefu, na mtu wa kukitazama na kuandika kila siku kwa muda wa mwaka mmoja. Hiyo ndiyo bei ya mapema. Bei ya nyuma ni udongo ulioharibika zaidi ya miaka mia moja baada ya tanuru kuwashwa.

Kantini ya Brumadinho

Mfano wa pili unatoka mbali, inchi ya Brazil, lakini ni wa watu wa kazi kama sisi. Karibu na mji wa Brumadinho kulikuwa mgodi wa chuma. Mabaki yake yaliwekwa nyuma ya ukuta wa udongo ulioanza kujengwa mwaka 1976, ukaongezwa kidogo kidogo mpaka kufika kimo cha metre 86. Chini ya ukuta huo, katika njia ambayo matope yangefuata, kulikuwa ofisi za mgodi na kantini ya wafanyakazi.

Tarehe 25 Januari 2019, saa sita na nusu ya mchana hivi, ukuta ukapasuka. Ilikuwa saa ya kula. King'ora hakikulia. Watu 270 wakafa, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi na wa makampuni yaliyofanya kazi pale. Nyuma ya hapo Brazil ilikataza mabwawa ya namna ile.

Ndugu, wengi wa watu wale hawakufa ndani ya shimo. Hawakuwa mbele ya mashine. Walikuwa mezani ao ofisini. Kofia na viatu havikuwasaidia neno. Kilichowaua ni ukuta mbaya, na tena mstari mmoja juu ya ramani: mtu aliweka kantini hapa, wala si kule. Wakati ramani ni karatasi, kantini inahamishwa kwa kalamu na gomu. Wakati kantini ni matofali, kila mwaka mtu anasema: «Tutaangalia mwaka ujao.»

Kwa hiyo uchunguzi wa mazingira ni uchunguzi wa usalama wa kazi pia. Unauliza: ukuta ukipasuka, matope yatapita wapi? Na katika njia hiyo, nani atakuwa amekaa?

Kwa nini mwaka mzima?

Sasa utauliza: kwa nini mapema sana? Je, wajuzi hawawezi kuja wiki mbili, wapime, waandike, na kazi ianze?

Hawawezi, na sababu ni hii: mvua hainunuliwi. Kwetu Katanga mvua inaanyesha zaidi kutoka mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4. Kisha ni kiangazi, na vumbi lake, na baridi yake. Mto wa mwezi wa 8 si mto wa mwezi wa 2. Upepo na vumbi la kiangazi si vya wakati wa mvua. Kisima chenye maji mwezi wa 3 kinaweza kukauka mwezi wa 10.

Tuseme kompani inataka bwawa jipya la mabaki, na kuna mahali patatu panapoweza kufaa. Lakini ilichelewa. Mapatano na mjenzi yamekwisha kusainiwa, barabara ya kwenda mahali pa kwanza imekwisha kukatwa, na mabomba yamekwisha kununuliwa kwa urefu wa mahali pale. Ndipo wajuzi wanaitwa, mwezi wa 8, na wanapewa wiki sita. Wanakuta bonde kavu. Wanaandika kwa haki: hatukuona maji. Hakuna mtu aliyesema uongo. Lakini mama anayelima pale chini angewaambia: «Kila mwaka, wakati wa mvua, maji yanapita hapa mpaka magoti.» Hakuna aliyemwuliza. Mwezi wa 1 maji yanakuja, yanakuta ukuta mpya, yanaanza kuula chini kwa chini.

Angalia sasa njia ya pili. Kompani inahesabu kutoka mwisho. Inasema: tunataka bwawa lianze kazi siku fulani. Kujenga ni muda fulani. Mbele ya kujenga tunahitaji ruhusa. Mbele ya ruhusa serikali itasoma, itauliza maswali, na sisi tutajibu. Mbele ya hapo ni kuandika, na kuonyesha wakaaji kwa lugha wanayoisikia. Na mbele ya kuandika ni kupima, kiangazi kimoja na mvua moja. Ukihesabu hivyo, unaona kwamba mpimaji anapashwa kufika zaidi ya mwaka mmoja mbele ya mjenzi. Wakati ule mahali pote patatu ni vijiti bado. Mama wa shamba akisema neno lake, kijiti kinasogezwa, na kazi inaendelea bila ugomvi.

Vipimo hivyo vya kwanza vina faida nyingine. Ni ushahidi. Siku moja watu watasema: «Maji yetu yameharibika.» Kompani itasema: «Yalikuwa hivyo tangu zamani.» Kama hakuna aliyepima mbele ya kazi, ugomvi hauna mwisho. Kama vipimo viko, vinamwokoa mwenye haki, akiwa mkaaji ao akiwa kompani.

Chumba cha kuvua nguo

Tuingie sasa nyumbani mwako, kwa sababu ukurasa huu ni wa afya ya jamaa nzima.

Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi kubwa. Walipima mkojo wa watu wa Katanga. Walikuta kwamba wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mwilini kuliko wanaokaa mbali, na kwamba watoto wanayo hata kuliko watu wazima. Kwa nini watoto? Kwa sababu mtoto anacheza chini, anatia mikono kinywani, anavuta vumbi la njia.

Mwaka 2020 waganga hao na wenzao walitoa uchunguzi mwingine, uliofanywa Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na vilema. Walikuta kwamba baba wa watoto hao walikuwa mara nyingi zaidi watu wa kazi ya migodi, wakilinganishwa na baba wa watoto waliozaliwa salama. Haina maana kwamba kila baba wa mgodi atazaa mtoto mwenye kilema. Watoto wengi sana wanazaliwa wazima. Lakini ina maana kwamba vumbi la kazi si neno la mchezo, na lisiletwe nyumbani.

Utazuiaje vumbi lisifike nyumbani? Utasema: nitaoga kazini, nitaacha nguo za kazi kazini. Vema sana! Lakini utaoga wapi, kama hakuna aliyejenga bafu? Utaacha nguo wapi, kama hakuna kabati mbili, moja ya nguo za kazi na moja ya nguo safi? Nani atafua nguo hizo, na maji ya kufulia yenye vumbi la kobalti yatakwenda wapi? Mambo haya yote yanahitaji mahali, bomba na feza. Yakiandikwa katika mpango tangu mwanzo, yanajengwa pamoja na kiwanda. Yakisahauliwa, wataambiwa wafanyakazi wangoje feza za mwaka ujao, na mwaka ujao pia. Wakati huo bibi yako anafua nguo za kazi katika beseni moja na nguo za mtoto.

Ndiyo maana tunakuambia: siku wanapoandika mpango wa mazingira wa kiwanda kipya, bafu yako iko ndani ya karatasi ile, ao haimo.

Kazi ikisimama, nani anaumia?

Wengine wanasema: «Maneno ya mazingira yanachelewesha kazi, na sisi tunataka kazi.» Tunawasikia. Kazi ni ugali wa watoto. Lakini tazama vizuri ni kitu gani kinachoondoa kazi.

Mwezi wa 11 mwaka 2025, maji machafu yalitoka katika bwawa la kiwanda kimoja cha Lubumbashi, yakafurika katika mitaa ya watu. Serikali ikasimamisha kazi ya kiwanda hicho. Siku ya namna hiyo watu wa mtaa wanaogopa maji ya visima vyao, na mfanyakazi anakaa nyumbani asijue mwezi utaishaje. Wote wawili wanaumia, na mara nyingi ni watu wa lupango moja.

Uchunguzi unaoanza mapema hauchelewishi kazi, kwa sababu unakwenda pamoja na kazi nyingine za mwanzo, kama kupima mawe, kutafuta feza na kuchora ramani. Kinachochelewesha ni kuusahau mpaka siku ya mwisho. Karatasi inarudishwa na maswali, mvua inapita bila kupimwa, wakaaji wanafunga barabara kwa sababu hakuna aliyewauliza, na mashine zinakaa zikila kutu. Ndipo watu wanasema: «Mazingira yametuchelewesha.» Sivyo! Aliyechelewa ni yule asiyeuliza mapema.

Wewe ufanye nini?

Hapa kuna kazi ya kila mmoja.

Wewe mfanyakazi: unajua mambo ambayo mjuzi kutoka mbali hayajui. Unajua vumbi linakwenda wapi saa nane ya mchana. Unajua ni mfereji gani unaofurika. Ukiona wanachomeka vijiti mahali pabaya, mwambie mkubwa wako, ao mjumbe wa wafanyakazi, ao halmashauri ya usalama. Sema siku ileile. Vijiti havikai sana.

Wewe kapita, na wewe mkubwa wa timu: usifikiri kwamba ruhusa ni kwa mashimo makubwa tu. Ukitaka kuhamisha mashine ya kusaga mawe, kuongeza tangi la mazuti, kufungua njia mpya ya magari ya mawe karibu na shule, uliza ofisi ya mazingira mbele ya kuagiza vifaa. Labda mpango wa zamani unapashwa kusahihishwa. Kusahihisha karatasi kunataka siku. Kuchimbua udongo ulionywa mazuti kunataka miezi.

Wewe mama: wewe ndiwe unayechota maji, unayelima, unayejua kisima gani kina ladha ya chuma. Mkutano wa wakaaji ukiitwa, usiseme ni wa wanaume. Nenda. Na kama mkutano umewekwa saa ya shamba ao ya soko, omba saa nyingine.

Nanyi wazee: mnajua makaburi yako wapi, na mto ulipita wapi zamani. Waambieni wapimaji mbele ya tingatinga kufika. Kaburi likikwisha kuchimbuliwa, hakuna malipo yanayolirudisha.

Maswali sita ya kupeleka mkutanoni

Mtu anayekwenda mkutanoni bila swali anarudi na soda tu. Peleka maswali haya:

1. Mlipima maji, hewa na udongo miezi gani? Je, mlipima kiangazi na mvua pia?

2. Mliangalia mahali pangapi mbele ya kuchagua hapa? Kwa nini mliacha pale pengine?

3. Ukuta wa bwawa ukipasuka, matope yatapita wapi, na nani yuko katika njia hiyo? King'ora kitalia wapi, na watu wakimbilie wapi?

4. Vumbi na moshi vitakwenda upande gani? Shule na nyumba ya waganga ziko upande gani?

5. Bafu, kabati mbili na mahali pa kufulia nguo za kazi viko katika mpango? Je, wafanyakazi wa makampuni madogo yaliyoitwa kusaidia watavitumia pia?

6. Ahadi hizi zimeandikwa wapi, kwa feza gani, na tutakutana lini kuziangalia tena?

Uliza kwa heshima, kama mtu anayetaka kazi ifaulu. Ngoja jibu mpaka mwisho. Kama jibu ni «tutaangalia», omba siku, na uandike siku hiyo. Na kama wewe mwenyewe husomi vizuri, peleka kijana wako wa shule akuandikie. Ataanza kujifunza mapema, naye.

Usiende pale kutafuta tu soda na feza ya njia. Usipokee neno la mtu anayekuambia: «Saini kwanza, utasoma nyuma.» Saini yako ni kama choo kile cha lupango: ukisha kumwaga simenti, kusogeza ni taabu.

Neno la mwisho

Ndugu, kesho asubuhi utavaa kofia yako kama desturi. Fanya hivyo, kwa sababu inalinda kichwa chako. Lakini siku ukisikia kwamba kuna kazi mpya itakayofunguliwa, shimo, bwawa, barabara ao kiwanda, usingoje mpaka uone mashine. Uliza siku ileile: «Uchunguzi umeanza? Nani anapima? Mkutano wa wakaaji ni lini?» Kisha rudi nyumbani, umwambie bibi yako, naye awaambie majirani kwenye kisima.

Vijiti vikiwa bado vijiti, neno lako lina nguvu. Liseme.